Saa Nane, au Kumi na Mbili

Karatasi mbili mezani. Kikombe kimeacha duara
juu ya ile ya kwanza, ambayo nimeisoma mara saba.
Nje, Thunder Bay imelala chini ya theluji ya juzi;
greda limepita usiku, likatuzibia lango.

Dawa ya kwanza hufanya kazi saa nane.
Ni kidonge cha kufungua: punje ndogo nyeupe
za kunyunyizia kwenye rojo la tufaha. Asitafune.
Asitafune! Eliel, atafunaye kola ya shati,
zipu ya koti, sikio la sungura wake wa pamba.
Akiimeza saa moja asubuhi, saa tisa itamwacha
kwenye ngazi za basi la shule,
kama yaya aliyemaliza zamu na kuvua aproni.

Ya pili ni ya maji, tamu ya ndizi isiyowahi kuwa ndizi.
Unatikisa chupa, unahesabu hadi kumi.
Hukaa naye saa kumi na mbili:
hadi kazi ya nyumbani, hadi kuoga,
hadi uma unazunguka sahani bila kutua.

Ni nani aliyenikabidhi mizani hii,
niuze chakula chake cha jioni
ninunue utulivu wake wa jioni?

Mama mkwe anasema samaki mkunje angali mbichi.
Sawa. Lakini samaki huyu
hajawahi kutulia mezani akunjwe.
Lorne hasemi kitu. Anakwenda kukoleza theluji
mahali alipokwisha kuizoa.

Mwezi jana tulijaribu ile fupi, ya saa nne,
kuona tu kama mwili utaikubali.
Tukasimama kwenye kivuko cha reli, garimoshi la ngano
likipita taratibu, na yeye akihesabu mabehewa.
Miaka yote hakuwahi kuvuka kumi na manne:
palikuwa na kunguru, palikuwa na kamba ya kiatu,
palikuwa na swali kuhusu meno ya nyangumi.
Siku ile alifika mia moja na kumi na tatu.
Akanigeukia, macho makavu kwa baridi:
"Mama, kumbe lina mwisho."

Niligeukia upande wa pili nikajifanya napenga kamasi.

Jioni hiyohiyo nikafungua mkoba wake:
mkate na siagi, kingo zote nne salama,
hata alama ya jino hakuna.
Na saa kumi akalia nusu saa nzima
kwa sababu soksi ilikuwa na mshono.

Daktari Pelletier ana chati; mtoto wangu ni kidoti
kinachopanda mstari. Kilo kumi na tisa na nusu.
"Tutampima kila mwezi," anasema. "Si ndoa hii.
Isipomfaa, tutabadilisha."
Anasema kwa upole, huku akitazama saa ya ukutani.

Mchagua nazi, wanasema, hupata koroma.
Lakini asiyechagua naye
huangukiwa na chochote kilichoiva.

Mwishowe nilimuuliza mwenyewe, ana miaka sita,
alikuwa kichwa chini, miguu juu ya kochi.
"Ile ya ndizi inanuka gundi," akasema.
"Ile ya punje, naruhusiwa kufungua mimi?"

Basi.
Jumatatu, saa moja kasoro tano, bado giza.
Anakipinda kidonge kwa kucha, ulimi nje,
punje tatu zinarukia sakafuni, tunazitafuta
kwa tochi ya simu, magoti yetu yakigongana.
Tunapata mbili.

Saa tisa nitakuwa kituoni, kofia hadi nyusi,
mkate wa jibini ukipata joto ndani ya koti langu.
Zitakazofuata ni saa zangu,
na mimi, mtu wa kawaida, nina athari zangu pia.